Nchi Iliyokataza Ndiyo

Hivi wewe, ukiulizwa kama utakunywa chai, unajibuje? Wako wanaosema ndiyo, wako wanaosema lete, na wako wasiosema kitu, huvuta kiti wakakaa. Basi shukuru ulipozaliwa. Katika nchi ya Bi Mwanaheri majibu yote hayo yalikuwa na kifungo, na lile la kuvuta kiti ndilo lililokuwa zito zaidi, kwa kuwa lilionyesha kukusudia.

Usiulize nchi hiyo iko wapi. Ni mbali sana, na watu wake hawafanani na sisi hata kidogo, ila tu wanakula ugali, wanachelewa mikutanoni, na umeme wao hukatika mtu akishachomeka pasi.

Mambo yalianza vizuri, kama yanavyoanzaga mambo mengi. Rais wao, Mtukufu Kipangule, alialikwa mkutano ng'ambo. Viongozi wengine wakienda huko hurudi na manukato na viatu. Yeye alirudi na neno. Alilisikia mezani, kwa bwana mmoja mrefu wa huko aliyeletewa supu iliyopoa. Bwana yule hakugomba wala hakupiga meza. Aliinua kidevu, akasema kwa Kiingereza cha wakubwa kwamba yeye hawezi kukauntenansi supu ya namna ile. Wahudumu wakaja mbio, wakaiondoa ile supu kana kwamba imetenda dhambi. Rais akaacha kula. Akasema moyoni, hili ndilo neno nililokuwa nalikosa maisha yangu yote.

Maana yake, kwa watu wa kawaida, ni kuridhia jambo, kulivumilia, kukubali lipite. Lakini likisemwa kwa maneno hayo linapungua uzito, kama pilau iliyopozwa kwa kupepewa kwa kawa.

Aliposhuka kwenye ndege aliiendea maikrofoni moja kwa moja. "Serikali yangu," alisema, "haitakauntenansi uzembe." Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Hakuna aliyejua amesema nini, na hilo ndilo lililowatia heshima. Jioni ile Rais aliwaita mawaziri wake akawauliza: iweje ndiyo ya mkuu wa nchi na ndiyo ya mwizi wa kuku iwe ndiyo ile ile? Mawaziri wakatazamana, wakaona ni kweli, ni aibu kubwa, na wameishi nayo miaka yote bila kuiona.

Ikaandikwa sheria. Kukubali jambo lolote, dogo ama kubwa, kuanzia sasa kutafanyika kwa neno kauntenansi tu, na litatamkwa na afisa aliyefuzu. Ndiyo, sawa, haya, karibu, na kutikisa kichwa kwenda chini vikapigwa marufuku.

Muswada ulipelekwa bungeni. Spika akauliza, kama desturi yao ilivyo, wanaoafiki waseme ndiyo. Wakasema ndiyo, ukumbi ukatetemeka. Wasioafiki waseme siyo. Siyo ilikuwa moja, ya mzee aliyekuwa ameshtuka usingizini. Spika akasema waliosema ndiyo wameshinda, akagonga nyundo, na pale pale ndiyo ikawa kosa la jinai. Ilikuwa saa ya chakula. Spika akafungua kinywa kuwauliza wanaoafiki kwenda kula wasemeje, akakifunga. Wakakaa wanatazamana, matumbo yanasema. Mbunge mmoja akapendekeza sheria irekebishwe kidogo. Pendekezo likaonekana zuri sana, lakini hapakuwa na njia ya kulikubali.

*

Bi Mwanaheri hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mjane mwenye nyumba ya matofali, baraza pana, na choo cha nyuma kilichosakafiwa saruji, ambacho mtaa mzima ulikijua kwa usafi wake. Asubuhi alikaa barazani akapika vitumbua. Mchele aliuloweka tangu jana yake, tui alilikamua mwenyewe, iliki aliitwanga kwa kinu kidogo cha shaba alichoachiwa na mama yake. Upande wa pili wa baraza hiyo hiyo alikaa Fundi Matano, mtengeneza miavuli. Fundi Matano alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye tabia ya kuufungua kila mwavuli aliomaliza kuutengeneza na kusimama chini yake kidogo, hata mbingu zikiwa hazina dalili ya mvua.

Siku ya Jumatatu Fundi Matano alifungua mwavuli mmoja, akasimama chini yake, akabaki hapo hapo.

"Bi Mwanaheri."

"Labeka."

"Mimi na wewe tumekaa baraza moja muda mrefu. Naona hata moshi wa jiko lako umenizoea. Je, utakubali nikuoe?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, moto kama kitumbua. Lakini huko kwao mwanamke hajibu siku ile ile, ataonekana alikuwa anasubiri. Na tena alitaka kuonja kidogo huo utamu wa kungojewa. "Nitakujibu Ijumaa," akasema, akaendelea kugeuza vitumbua, na viwili vikaungua.

Utamu huo ulikuwa na sababu yake. Bi Mwanaheri alikwisha kuolewa mara moja, akiwa msichana. Siku ya harusi walimweka nyuma ya pazia. Wazee wakaja kumuuliza, binti, umekubali? Alikuwa na jibu. Amelifanyia mazoezi mbele ya kioo, pamoja na namna ya kuinamisha macho. Kabla hajafungua kinywa, shangazi yake akamfinya paja na kuwajibu wale wazee, "Amekubali, ana haya tu huyu." Wazee wakaondoka wakafunga ndoa. Marehemu mumewe hakuwa mtu mbaya, alikoroma tu. Lakini miaka yote ile Bi Mwanaheri aliishi na neno ambalo hakulisema, na mara nyingine, akiosha vyombo peke yake, alilisema kwa sufuria.

Sasa Mungu amemletea nafasi nyingine. Jumanne alichagua kanga ya kuvaa siku ya kujibu. Jumatano akaipiga pasi nusu, umeme ukakatika. Alhamisi akaimalizia kwa pasi ya mkaa. Alhamisi hiyo hiyo likapita gari la matangazo, likitangaza kwamba kukubali kumekatazwa.

*

Ijumaa Fundi Matano alikuja amenyoa. Akaweka chini begi lake la vyuma.

"Leo ndiyo Iju…" akajishika mdomo. "Leo Ijumaa."

"Najua."

"Basi?"

Bi Mwanaheri akatazama kulia na kushoto. Mbele ya duka la mkabala alikuwa amesimama mgambo, anachokonoa meno.

"Sijakataa," akasema.

Namna hiyo ndiyo watu walivyoanza kuishi. Ukimuuliza mwenzako kama atakwenda sokoni, anasema hajakataa. Kwenye kandanda mwamuzi hakuweza kukubali bao, mechi zote zikawa bila kwa bila, na serikali ikajisifu kwamba timu ya taifa haifungiki. Utingo mmoja alikuwa anamwelekeza dereva wa lori arudi nyuma, njoo, njoo, akakumbuka sheria, akanyamaza. Lori likabaki limekingama barabarani, na baadaye watu walianika nguo juu yake.

Kibaya kuliko vyote kilikuwa hodi. Hodi yenyewe iliruhusiwa, kwa sababu kuomba si kosa. Kilichokatazwa ni kusema karibu. Basi mgeni alipiga hodi, mwenyeji akaitika kutoka ndani kwamba amesikia, wakajuliana hali, hawajambo wote, na mlango ukabaki pale pale kati yao. Binamu yake Bi Mwanaheri alisafiri kutoka mbali kuja kumwona, akasimama mlangoni na kapu lake la maembe mpaka mvua ikamnyeshea, akarudi kwao. Walizungumza vizuri sana, lakini kwa kupitia dirishani.

*

Wakaenda ofisini, Bi Mwanaheri na Fundi wake. Afisa Kauntenansi wa Kata aliitwa Bwana Luhende. Alifunzwa makao makuu namna ya kulitamka neno: unasimama wima, unavuta pumzi mpaka kifua kiinuke, unainua kidevu, kisha unalisukuma kutoka tumboni, kwa nguvu, kama mtu anayesukuma kabati. Alivaa koti la sufu katika joto lile, kwa kuwa neno lilitoka nchi ya baridi.

"Shida yako, mama?"

"Nataka kuolewa, baba."

"Na nani?"

"Na Fundi Matano huyu."

"Yeye anasemaje?"

"Anataka."

"Usimsemee. Kutaka kwake kuna dirisha lake." Bwana Luhende akakunja mikono. "Wewe ukae kimya, mimi nitakauntenansi kwa niaba yako. Ila isiwe kimya cha kukubali, maana nacho kimekatazwa. Kohoakohoa kidogo."

Bi Mwanaheri akahisi paja linamuuma pale pale alipofinywa zamani.

"Baba, si unifundishe nilitamke mwenyewe?"

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne."

"Neno hili linaanzia shahada."

"Basi niseme kwa lugha yangu, polepole, nikunong'oneze wewe tu."

"Mama," Bwana Luhende akasema kwa upole wa kuogofya, "ukinong'ona nchi itafika wapi?"

Fundi Matano akamgusa kiwiko. "Heri, si ni mdomo tu? Mwache aseme, twende zetu. Mimi nimeshanunua hata beseni."

"Siolewi kwa mdomo wa mtu mwingine."

"Yaani hunitaki."

"Sijakataa."

"Kutokataa si kukubali, Mwanaheri. Hata ukuta wangu haujanikataa."

Akainuka, akatoka. Siku ile ile alihamisha begi lake kutoka barazani, akaenda kukaa ng'ambo ya barabara, chini ya paa la mashine ya kusaga. Kila akiinua macho walionana, na kila walipoonana mmoja alijifanya anatazama punda anayepita. Bi Mwanaheri alimpelekea vitumbua kwenye sahani yenye maua, akafunika kwa kitambaa. Kupokea nako ni kukubali, hivyo Fundi hakupokea. Sahani ikakaa chini baina yao, katikati ya barabara, mpaka kuku, ambao hawakutajwa katika sheria, wakaja wakala.

Usidhani Fundi alikuwa mkaidi. Dada yake wa mji mwingine alishamwita akaishi huko, ambako mvua ni nyingi na miavuli inavunjika vizuri. Akamwambia jirani, na jirani akahakikisha Bi Mwanaheri anasikia, kwamba Rais akishapita, na barabara ikifunguliwa, yeye anaondoka.

*

Maana Rais alikuwa anakuja. Ilitangazwa kuwa Mtukufu Kipangule mwenyewe atafika uwanja wa kata kuadhimisha Siku Kuu ya Kauntenansi. Tangu alfajiri Bwana Luhende alikuwa kazini. Alikauntenansi turubai, akakauntenansi viti kimoja kimoja, kwaya, ngoma, na mbuzi wa zawadi aliyekataa kusimama. Mpaka Rais anafika, koo la Bwana Luhende lilikuwa linatoa hewa tu, kama baiskeli iliyopasuka tairi.

Rais alihutubia. "Ndugu wananchi, wako wanaouliza, je, serikali inakauntenansi njaa? Nawajibu, hapana. Njaa ipo, sikatai, lakini haijakauntenansiwa. Kwa hiyo njaa mliyo nayo ni njaa isiyo rasmi." Watu wakapiga makofi. "Na mashimo ya barabara yenu hali kadhalika. Hayo si mashimo ya serikali. Yamejichimba."

Wazee wa kata walimkirimu madafu. Alimaliza dafu, akapewa jingine, na kwa kuwa kusema linatosha ni kukubali kwamba limetosha, hakuna aliyeweza kulisema, hata yeye. Akanywa. Alikunywa mpaka mkanda wa suruali ukalalamika. Kisha msafara ukaondoka, ving'ora vinalia, ukaingia kwenye yale mashimo yasiyo rasmi. Gari likatupwa huku, likatupwa kule. Kila shimo Rais alilihisi tumboni kama mtu binafsi.

Walipofika mkabala na nyumba ya Bi Mwanaheri alimshika dereva bega. Msafara mzima ukasimama. Walinzi wakaruka chini, wakaulizia choo kilicho karibu na safi, na mtaa mzima ukaonyesha kidole upande mmoja.

Bi Mwanaheri alikuwa ndani anasaga mchele. Hakwenda uwanjani. Aliona hana cha kwenda kushangilia. Akasikia sauti mlangoni.

"Hodi."

"Nimesikia. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Rais."

Akafuta mikono, akafungua ubao wa juu wa mlango. Kweli alikuwa yeye, yule wa kwenye picha, ila amebana magoti.

"Shikamoo, mama," akasema Rais. Ilikuwa miaka mingi hajamwamkia mtu.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Watoto?"

"Hawajambo. Mama, nimesema hodi."

"Nimesikia, baba. Sijakataa."

Utauliza kwa nini asiingie tu, mtu mwenye bunduki zote zile nyuma yake. Lakini sheria ilisema kuingia nyumba ya mtu bila kauntenansi ni kifungo, awe raia awe Rais. Kifungu hicho kiliwekwa ili wafadhili waone kwamba huko hakuna aliye juu ya sheria. Na mtaa mzima ulikuwa umekusanyika, pamoja na mpigapicha wa gazeti. Fundi Matano naye alivuka barabara, begi la safari mkononi, mwavuli kwapani.

"Afisa yuko wapi?" akauliza Rais bila kugeuza kiwiliwili.

Bwana Luhende akasukumwa mbele. Akasimama wima, akavuta pumzi, akainua kidevu. Ikatoka hewa. Akajaribu tena, ikatoka kidogo kuliko ile ya kwanza. Machozi yakamlengalenga.

"Basi nitalisema mwenyewe," akasema Rais. Akasimama wima. Akavuta pumzi, kifua kikainuka. Alipofika pale pa kusukuma kutoka tumboni alisita, na jasho likamtoka kwenye nyusi, kwa sababu aliona wazi kwamba leo hapawezi kusukumwa kitu kimoja kikatoka peke yake. Akaishusha ile pumzi taratibu, kama mtu anayetua ndoo ya maji.

"Mama, nakuomba, sema karibu tu."

"Neno hilo lina kifungo, baba."

"Nani kasema?"

"Si wewe?"

Rais akafumba macho. "Wengine wakija hapa inakuwaje?"

"Wanangoja. Binamu yangu alingoja mpaka mvua ikamnyeshea." Bi Mwanaheri alimwonea huruma, alikuwa mtoto wa mtu naye. Lakini alikuwa pia na kanga iliyopigwa pasi, imekunjwa kabatini, inanuka dawa ya nondo. "Sasa mimi niambie, baba, nisije nikafungwa. Unakubali watu waseme kwa vinywa vyao?"

Walinzi wakatazama mawinguni. Mpigapicha akasahau kamera.

"Ndiyo," akasema Rais. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto wa shule aliyeinua mkono muda mrefu. "Ndiyo, mama. Ndiyo, ndiyo, ndiyo."

"Haya, karibu, baba. Pita uani. Mlango wa choo uinue kidogo ndipo uusukume. Kopo liko chini ya bomba, na ukichutama angalia kichwa, dari ni fupi."

Mtukufu Kipangule alipita mbio kuliko king'ora chake.

 Mbele ya nyumba hakuna aliyejua kama kilichotokea ni sheria au ni ajali. Bwana Luhende alivua koti la sufu, akalikunja, akalikalia. Bi Mwanaheri akatoka barazani, mikono bado ina unga wa mchele.

"Fundi."

"Naam."

"Unakwenda kwa dada yako?"

"Nakwenda. Gari ni mchana huu."

"Lile uliloniuliza. Niulize tena."

Fundi Matano akamtazama mgambo, akamtazama Bwana Luhende, akaweka begi chini. Akaufungua mwavuli, akasimama chini yake, maana bila hivyo asingeweza.

"Bi Mwanaheri, utakubali nikuoe?"

Hapakuwa na pazia. Hapakuwa na shangazi. Alikumbuka namna ya kuinamisha macho aliyojifunza mbele ya kioo, akaona haina maana, akayaacha macho yakae usoni mwa yule mtu mfupi.

"Nimekubali," akasema.

Kutoka chooni ikaja sauti nzito, iliyorudiwa na nguvu zake. "Nani huyo kasema hivyo?"

Walinzi wakakakamaa. Fundi Matano akamvuta Bi Mwanaheri upindo wa kanga, arudi chini ya mwavuli, anyamaze. Bi Mwanaheri akajitoa polepole mkononi mwake. Akazunguka nyumba, akaenda mpaka kwenye ukuta wa choo, akausogelea ili maneno yasipotee njiani.

"Ni mimi, baba. Mimi Mwanaheri binti Faki, mwenye nyumba. Nimeulizwa kama nakubali kuolewa na Matano fundi miavuli, na nimejibu mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nimekubali."